Tunavyoisimulia Dhoruba ya Buffalo

Shemeji yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, ncha za vidole ameziinua zisiguse. Sebule ilijaa. Tulikuwa tumetoka kanisani kwenye ubatizo, watoto wametapakaa kwenye ngazi, na yeye, akisimulia ile dhoruba ya theluji iliyotupiga hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, Desemba 2022, alikuwa amefika ile sehemu ambayo kila mtu huisubiri: amegonga mlango wa nyumba asiyoijua, usiku, nguo zimemgandia mwilini, bibi mmoja wa Kizungu akafungua, akamtazama juu mpaka chini, na neno la kwanza alilomwambia ni avue viatu, zulia ni jipya.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kijana mmoja aliyekuja Buffalo mwaka 2024 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alicheka kuliko wote. Alipotulia akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu. Basi ikija nyingine na mimi nipate stori yangu."

Sahani ya sambusa ikapita, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Wiki ile nzima sentensi ya yule kijana haikuniacha. Na wiki iliyofuata pia. Nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya kulipia mboga, naisikia: na mimi nipate stori yangu.

## Yaliyotokea

Mnaoishi hapa hamhitaji kukumbushwa. Kwa ndugu mnaosoma mkiwa Kigoma, Bukavu au Nairobi, nitasema kwa ufupi.

Ijumaa ya tarehe 23 Desemba 2022 tuliamka na mvua. Mvua ya kawaida kabisa, joto liko juu ya sifuri, unaweza kutoka na jaketi jepesi. Kabla ya saa sita mchana kila kitu kilikuwa kimeganda na nje hakuonekani. Hali hiyo ilidumu saa 37 mfululizo. Uwanja wa ndege wa Buffalo ulipima theluji ya sentimita 132 kwa dhoruba nzima, na upepo ulikuwa ukipita kilomita 110 kwa saa. Kikosi cha zimamoto cha jiji, kwa mara ya kwanza katika historia yake, kilishindwa kuitikia simu za dharura. Magari yaliyotumwa kuokoa watu yalikwama na yenyewe yakahitaji kuokolewa.

Walikufa watu 47.

Wengine walikutwa ndani ya magari yao. Wengine mitaani, wengine ndani ya nyumba zisizo na umeme wala joto, wengine walipiga 911, namba ya dharura ya hapa, wakiwa wagonjwa na hakuna aliyeweza kufika. Ndani ya jiji, zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watu weusi, na watu weusi ni kama theluthi moja tu ya wakazi.

Sisi tulikuwa ndani. Nakumbuka unga wa theluji ukipita kwenye tundu la ufunguo na kujipanga sakafuni kwa mstari mwembamba ulionyooka. Nilikuwa nauzoa kwa kipande cha boksi, nikigeuka mstari umerudi. Mke wangu alifunga mlango kwa taulo zilizolowa, taulo zikaganda zikashikana na mbao, na tangu hapo haukuingia tena. Nje ilikuwa kama umetiwa ndani ya gunia la unga na mtu analitikisa.

Tulimpigia shemeji. Simu iliita, haikupokelewa.

## Mzee wa mwaka 77

Hapa upande wa mashariki wa jiji, nyumba ya pili kutoka kwetu, anaishi mzee Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia mtaa huu huu. Namwita Mzee, neno la Kiswahili analolijua na analolifurahia. Baada ya ule ubatizo nilikwenda kwake. Nilitaka kujua watu wa hapa waliisimuliaje dhoruba yao, ile ya 1977, kwa kuwa wamekaa nayo miaka mingi kuliko sisi na yetu.

Dhoruba ya 1977 ni sehemu ya jina la mji huu. Zilitengenezwa fulana. Ulitengenezwa hata mchezo wa ubaoni wa kucheza familia. Ilipokuja nyingine, Januari 1985, meya wa wakati ule, Jimmy Griffin, aliwaambia watu wakae ndani, wachukue pakiti ya bia na waangalie mpira. Kauli ile inarudiwa mpaka leo, na inarudiwa kwa fahari. Sisi watu wa Buffalo, theluji ni mwenzetu.

Mzee alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Unajua mwaka 77 ilianguka theluji kiasi gani?"

Nikasema labda mita mbili.

Ilianguka kama sentimita 30 tu katika siku zile zenyewe.

Nilidhani ananitania. Akaeleza. Ziwa Erie, lililo kando ya mji huu, liliganda mapema sana msimu ule, katikati ya Desemba 1976 lilikuwa limefunikwa na barafu. Wiki baada ya wiki theluji ikawa inaanguka juu ya ile barafu na kukaa pale, kavu, nyepesi, hakuna wa kuiona. Ijumaa ya tarehe 28 Januari upepo ukageuka, ukaibeba yote ukaileta mjini. Watu walikuwa makazini. Maelfu walilala maofisini na mahotelini. Walikufa 29, na baadhi yao walikutwa kwenye magari yaliyofukiwa.

"Mimi nilikuwa kijana," akasema. "Mmoja wa wale wa kwenye magari tulikuwa tunasali naye. Hayumo kwenye fulana."

Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililobadilisha mawazo yangu yote: kwamba yeye, redio ikitangaza theluji, hasikilizi sentimita. Anasubiri wafike kwenye upepo.

## Tunapima kisicho chenyewe

Nilirudi nyumbani nikakaa na hilo.

Novemba ya mwaka ule ule wa 2022, mwezi mmoja kabla, Orchard Park hapo kusini ilipata kama mita mbili za theluji. Mita mbili! Picha zake zilizunguka dunia nzima, watu wamefungua milango na kukuta ukuta mweupe umechorwa umbo la mlango. Vifo vilikuwa vichache sana ukilinganisha na vya Desemba. Theluji ilikuwa nyingi zaidi ila upepo haukuwa ule, baridi haikuwa ile, na magari yalizuiwa barabarani mapema, usiku ule ule ilipoanza.

Desemba ziwa lilikuwa wazi, halijaganda. Baridi ya kutoka kaskazini ilipita juu ya maji yenye joto kuliko hewa, ikanyonya mvuke, na upepo wa kusini-magharibi ukapita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, karibu kilomita 390, mpaka ukafika kwenye ncha ambako mji umejengwa. Yaani 1977 ziwa lililoganda lilituletea balaa kwa theluji iliyolala juu yake, na 2022 ziwa lisiloganda likatuletea balaa kwa mvuke wake. Aliyekumbuka ya kwanza kwa ajili ya kujisifu hakuwa na kitu cha kumsaidia katika ya pili. Aliyekumbuka upepo, alikuwa nacho.

Waswahili husema aisifuye mvua imemnyea. Sisi imetunyea, na bado tunaisifu.

Nikaanza kusikiliza stori zetu upya, nikitafuta upepo ndani yake. Sikuupata. Kila mtu anapima kimo: ilifika dirishani, ilifika juu ya gari, mtoto wa fulani alitokea dirisha la juu. Theluji inapigwa picha. Upepo haupigwi picha. Kwa mgeni anayesikiliza, hatari ni kitu cha kuchimba kwa beleshi asubuhi, jasho kidogo, kisha chai.

Ndiyo maana yule kijana alisema alichosema. Alikuwa ameelewa sawasawa kile tulichomwambia.

## Nani mimi nimnyang'anye kicheko

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Familia yetu imetoka Kivu Kusini. Shemeji alivuka Ziwa Tanganyika akiwa mtoto, usiku, kwenye mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na stori hiyo nayo huisimulia kwa kuchekesha, kuhusu shangazi aliyekataa kuacha jogoo wake. Sijawahi kumsikia akiisimulia kwa namna nyingine. Wengi wetu tumefika tulipofika kwa kucheka. Ukimwondolea mtu kicheko chake kwenye jambo lililotaka kumuua, unampa nini badala yake?

Nilijiambia niache. Kisha nikaona vile vidole kwenye kikombe.

Ncha za vidole vyake vya mkono wa kulia hazisikii tangu usiku ule. Hajui kama kitu ni cha moto mpaka ngozi iwe imeshaungua, ndiyo sababu ameshika kikombe hivyo. Amefanya hivyo mbele yetu miaka yote hii, akisimulia, na sote tukimwangalia usoni.

Nikamfuata Jumamosi moja, tukakaa kwenye gari lake. Nikamuuliza mbona hasimulii yote. Hakukasirika. Aliniangalia kidogo, akasema, "Kaka, nikiisimulia kwa kulia, nani atanisikiliza mpaka mwisho?"

Nilikosa jibu. Akaendelea mwenyewe.

## Alipokaa chini

Alitoka nyumbani saa mbili asubuhi, kwenye mvua, kuwahi zamu kwenye ghala ambalo sitalitaja. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa karibu saa tatu kasorobo, ianze saa tatu na nusu. Yeye alikuwa tayari njiani. Ujumbe ulilia kwenye simu kwa Kiingereza. Yeye Kiingereza chake cha kazini kinamtosha, ila alikuwa anaendesha, na alipousoma magari ya mbele yalikuwa yameshasimama.

Alikaa garini mchana kutwa. Alikuwa anashuka mara kwa mara kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, kwa kuwa kuna mtu kazini aliwahi kumwambia kwamba likiziba, hewa ya sumu inarudi ndani na unalala usiamke. Namshukuru huyo mtu kila siku, simjui. Giza lilipoingia mafuta yakawa yanakwisha. Akaona mwanga, akadhani ni kituo cha mafuta, akashuka.

Stori ya sebuleni inaanzia hapo na inaruka moja kwa moja mpaka mlangoni kwa yule bibi.

Katikati, alikaa chini.

Aliniambia hivi: mwanga ulipotea. Akashika ukuta, akaufuata kwa mkono, ukuta ukaisha. Akarudi nyuma mpaka mahali ambapo upepo haumpigi sana, akakaa ili apumue kidogo. Baridi ikaondoka. Akaona joto linapanda kutoka tumboni, likaenea, akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia siku nzima. Akafungua zipu ya koti. Mwili ukifika hapo unakudanganya kwamba una joto, na wengi wanaokutwa wamekufa kwa baridi wamekutwa wamejivua nguo. Yeye hakulijua hilo. Alijua tu kwamba anasikia usingizi mtamu na hana haraka.

Simu ikaita mfukoni.

Hakuipokea, vidole havikuweza. Lakini iliendelea kuita, ikakatika, ikaita tena, na ile kero ya simu inayoita ikamfanya asimame aitafute. Alipokuwa amesimama, taa ya barazani ya yule bibi ilionekana kwa sekunde chache. Akaielekea.

Alipopata joto siku ya pili akaangalia nani alipiga. Nilidhani atasema ni sisi. Sisi tulikuwa tumepiga mapema zaidi.

Alikuwa msimamizi wake, anauliza kama kesho atakuja.

Tulikaa kimya muda mrefu kwenye lile gari.

## Sauti kwenye kundi

Baada ya hapo sikuona tena kwamba shida ni kicheko. Kicheko kibaki. Shida ni kule kuruka ya katikati.

Tahadhari za serikali zinazoingia kwenye simu wakati ule zilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania, na bibi zetu wengi hawasomi hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo nilianza kurekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili na kuuweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilizungumza juu ya upepo kwanza. Nikaeleza kwamba nyumba nyingi za siku hizi hita inatolea moshi kwenye bomba jeupe la plastiki lililo chini ubavuni mwa nyumba, wala si juu kwenye paa, na theluji ikipanda ikalifunika hita inazimika au moshi unarudi ndani. Waende wakalitafute leo, walijue liko wapi, kabla halijafunikwa. Nikawaomba kina mama, kwa jina la Mungu, wasiwashe jiko la mkaa ndani hata umeme ukikatika siku mbili.

Ulisikilizwa. Vidole gumba vichache, asante kaka, basi.

Nikamwomba shemeji arekodi yake. Alikataa, kisha usiku mmoja nikaona imeingia, ndefu. Alianza na zulia la yule bibi na watu wakaanza kutuma vicheko kabla hajamaliza. Alipofika kwenye kukaa chini hakubadilisha sauti. Alisimulia kwa sauti ile ile ya kuchekesha, mpaka kwenye simu ya msimamizi, akamalizia kwa kusema vidole vyake vya kulia havisikii na kama mmewahi kujiuliza mbona ameshika kikombe vile, ndiyo hiyo.

Kundi likanyamaza. Nilidhani tumewaumiza watu.

Halafu maswali yakaanza kumiminika, na hayakuwa juu ya theluji. Mama mmoja anayefanya usafi hotelini aliuliza: bosi akisema njoo, na serikali haijasema usiende, nifanye nini? Mwingine: nikikosa zamu mbili wananifukuza, nani atanilipia kodi? Mwingine anafanya kwenye nyumba ya wazee: nisipokwenda, aliyeko zamuni hawezi kutoka, na wazee hawawezi kuachwa.

Hilo la mwisho ni gumu kweli. Hata marufuku ya Ijumaa ile, sababu mojawapo iliyotolewa ya kuchelewa kwake ilikuwa kuwapa watu wa zamu ya usiku muda wa kufika nyumbani. Ripoti ya Chuo Kikuu cha New York iliyoagizwa na jiji na kutoka mwaka 2023 ilieleza wazi mapungufu ya mawasiliano, ya vifaa na ya maandalizi, na jinsi yalivyowaangukia zaidi watu weusi. Niliisoma nikitikisa kichwa kwa kukubali. Lakini ukilipwa kwa wiki huwezi kununua chakula cha siku tano siku ya Jumatano. Huku kwetu mashariki duka kubwa la chakula lilikuwa moja, la Jefferson Avenue, lile ambalo Mei 2022 mbaguzi aliua watu weusi kumi. Mtu anayeishi hivyo, mwambie upepo unakuja, atakuambia najua, na saa mbili asubuhi atatoka.

Sikuwa na jibu kwenye kundi. Nikaandika kwamba sina.

Yule mama wa hotelini ndiye aliyetoa wazo: tuwaulize waajiri sasa, kwa maandishi, msimu haujaanza. Barua fupi, ukurasa mmoja: dhoruba ikitangazwa na barabara hazijafungwa, nikibaki nyumbani mtanifanyaje; nikikwama njiani nikija kwenu, nimpigie nani. Binti yake anayesoma sekondari alituandikia kwa Kiingereza, kila mmoja akajaza yake.

Nyumba ya wazee imejibu vizuri: wataweka vitanda na chakula kwa wanaokubali kulala kazini, na watawalipa. Hoteli imesema itaangalia kila suala kwa wakati wake. Shemeji ameambiwa kwamba barua yake imepelekwa ngazi za juu. Juzi ameandika ya pili, na safari hii ameeleza ilikuwaje simu ilipoita.